Duara lako linahitaji pampu ndogo na mfereji mkubwa

Swali: "Mhandisi, nina leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu mkoani Geita, na eneo langu lina maduara matatu, yaani mashimo ya wima ya kuchimbia, yanayofanya kazi. La kwanza na la pili yana kina cha kama mita 35, la tatu mita 28. Tuko chini ya kilima, na masika iliyopita maji yalishuka usiku yakaingia duara la kwanza. Kwa bahati hapakuwa na mtu, lakini tulipoteza mwezi mzima, na tulipokuwa tukivuta maji ili turudi kazini sehemu ya matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, ikaporomoka. Nina pampu mbili za petroli za inchi tatu na nafikiria kununua kubwa zaidi kabla ya vuli. Wenzangu wanasema tukizungushia midomo ya maduara viroba na kifusi itatosha. Juu ya duara la tatu, kama hatua hamsini, kuna bwawa letu la marudio, yaani tope la mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu, na humo pia ndimo tunamomwaga maji tunayovuta chini. Halafu jirani ana duara la zamani lililoachwa, limejaa maji, na sijui njia zake za chini kwa chini ziliishia wapi. Nianze na lipi, na pampu ya ukubwa gani itanifaa?"

Ndugu yangu, umeuliza habari za pampu, lakini katika maelezo yako kuna hatari tatu za maji ambazo hakuna pampu inayoweza kuziondoa: maji yanayoshuka kilimani, maji yaliyolala kwenye duara la jirani, na maji uliyoyaweka mwenyewe juu ya vichwa vya watu wako katika bwawa la marudio. Kila moja ina tabia yake na dawa yake. Nitaanza na ya kilimani kwa kuwa ndiyo iliyokwisha kukufikia, ingawa kwa maoni yangu iliyo mbaya zaidi ni ile ya bwawa, na kama huna muda wa kusoma yote, ruka uende kwanza kwenye sehemu inayohusu duara la tatu.

Wachimbaji wengi huamini kwamba maji yaliyojaza duara ni mvua iliyodondokea mdomoni. Mdomo wa duara una eneo lisilofika meta mbili za mraba, na mvua kubwa ya milimita 40 inayoangukia hapo haizidi lita 80, yaani chini ya nusu pipa. Kilichojaza duara lako ni kilima. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni meta 10 za ujazo za maji, sawa na lita 10,000. Sasa chukulia kwamba sehemu ya kilima inayomwagia eneo lako ina ukubwa wa hekta 6, na kwamba mvua ya radi inashusha milimita 40 ndani ya saa moja, jambo ambalo si geni Kanda ya Ziwa. Hapo zimeanguka meta 2,400 za ujazo. Ikiwa udongo ulikwisha kulowa siku zilizotangulia, na miti ya kilimani ilikatwa kwa ajili ya matimba na kuni, nusu ya maji hayo au zaidi haitazama ardhini bali itateremka. Hizo ni meta 1,200 za ujazo katika saa moja, wastani wa meta 20 kila dakika, na mvua inapofikia kilele chake mtiririko unaweza kuwa maradufu ya hapo.

Weka hesabu hiyo kando ya duara lenyewe. Shimo la meta 1.2 kwa 1.5 lenye kina cha mita 35 lina ujazo wa meta 63. Kama maji yote ya kilima yangeelekea humo, lingejaa kwa dakika tatu hivi. Hata ikiwa ni sehemu moja tu ya kumi inayopata njia ya kuingia, shimo litajaa kwa kama nusu saa, ukiacha ujazo wa njia za mlalo zilizoko chini. Kisha jiulize swali ambalo naona halikuulizwa kwenye maelezo yako: watu wako wanatoka kwa muda gani? Ikiwa wako kumi na wawili, na winchi inampandisha mmoja mmoja kwa dakika tatu, wa mwisho anafika juu baada ya dakika 36. Wakati huo wote maji yanamwagika katika njia ileile ya kutokea, na waliobaki wako chini, mahali yanapoanzia kujaa. Ndiyo maana huko Mirerani, mafuriko yalipoingia kwenye mashimo ya tanzanite mwaka 1998 na tena mwezi Machi 2008, walikufa makumi ya wachimbaji waliokuwa chini wakati maji yanafika.

Pampu sasa. Pampu za petroli za inchi tatu zinazouzwa kwenye maduka mengi zimeandikwa kwamba zinatoa meta 60 za ujazo kwa saa, na watu huishia kusoma hapo. Kipimo hicho ni cha maji yasiyopandishwa popote. Kadiri unavyoyapandisha ndivyo yanavyopungua, na kwenye mita 28 au 30 pampu ya aina hiyo inanguruma tu bila kutoa tone. Kuna na kikomo cha pili ambacho hakuna pesa inayoweza kukinunua: pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji kwa nguvu zake, inaondoa hewa ndani ya bomba na kuiachia hewa ya nje isukume maji yapande. Kwetu Kanda ya Ziwa, ambako tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kuliko pwani, kazi hiyo hufika mita 6 au 7 basi. Ukubwa wa injini haubadilishi chochote. Muuza pampu atakwambia habari za inchi. Wewe muulize inafikisha maji mita ngapi juu, na kwa kimo hicho inatoa kiasi gani.

Kwa sababu ya kikomo hicho, wengine hushusha injini ya petroli chini ya duara. Nakuomba usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo shimoni haina pa kutokea. Mtu anahisi kichwa kizito, miguu inalegea, na anayeshuka kumwokoa naye anabaki hukohuko. Genereta nayo ikae mbali na mdomo, upande ambao upepo hauurudishi moshi shimoni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, na ambayo fedha za pampu kubwa ziende huko, ni kuzuia maji ya kilima yasifike kwenye maduara kabisa. Chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa eneo lako lote, ukiwemo upande wa juu wa bwawa la marudio, unaokata mteremko kwa mshazari na kuyapeleka maji kwenye korongo la asili. Kwa hekta 6 nilizotolea mfano, mfereji wenye upana wa sentimita 60 chini na mita 2 juu, kina cha sentimita 70, unaoshuka mita moja kwa kila mita 100, utapitisha karibu meta 0.75 za ujazo kwa sekunde na bado kubakiza sentimita 20 za usalama. Udongo unaochimbuliwa utupwe upande wa chini na ushindiliwe uwe tuta, kamwe usiwekwe upande wa juu. Kwenye kona, na mahali mteremko unapokuwa mkali, maji ya kasi hiyo yatakula udongo wa kichanga, kwa hiyo panga mawe. Magwangala, yaani mawe taka ya mgodini, yanafaa kwa kazi hii, isipokuwa yale yenye vimetameta vya manjano vya salfaidi (madini yenye salfa), ambayo yakinyeshewa kwa miaka hutoa asidi. Mfereji wa mita 180 ni uchimbaji wa kama meta 160 za ujazo. Watu kumi wenye sululu na koleo wataumaliza kwa wiki moja hivi ardhi ikiwa laini, na ekskaveta kwa siku moja au mbili.

Ukubwa halisi wa kilima chako huwezi kuubahatisha. Panda juu na simu yenye ramani, fuata mgongo wa kilima unaogawa maji, uzunguke hadi urudi ulipoanzia, kisha programu ikupe hekta. Ukipata hekta 12, vipimo nilivyokupa havitoshi. Angalia pia mfereji unamwaga wapi: ukiyaelekeza maji kwenye shamba la mtu au kwenye duara la mwenzako wa chini, umehamisha msiba tu, na wewe ndiwe utakayeulizwa.

Kuhusu viroba na kifusi, wenzako wana nusu ya wazo zuri. Mdomo wa duara unapaswa kuinuliwa kweli, nusu mita hadi mita moja juu ya ardhi inayouzunguka, ili maji yatakayoponyoka mferejini yapite pembeni. Lakini kifusi kilichomwagwa tu hakizuii maji. Kina matundu, maji yanapenya chini yake, yanakilowesha, na mwishowe yanakisukumia shimoni pamoja na viroba vyenyewe. Zaidi ya hapo, kifusi ni mzigo. Udongo wa juu wa duara, zile mita kadhaa nyekundu kabla ya kufika mwamba, ndio ulio dhaifu kuliko sehemu nyingine yote, na kuurundikia tani za mawe yaliyolowa pembeni kabisa mwa mdomo ni kuusukuma uingie ndani. Tumia udongo wa mfinyanzi, uushindilie tabaka kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, uupe mteremko wa kumwaga maji nje, na ujenge kwa matimba au matofali upande wa ndani. Kifusi kipelekwe upande wa chini wa mteremko, mita 10 au zaidi kutoka mdomoni ukiwa na nafasi. Paa la mabati juu ya winchi ni jambo dogo, lakini liweke.

Sasa niseme kuhusu matimba yaliyoporomoka wakati mnavuta maji, kwa sababu umelitaja kama jambo la bahati mbaya na sidhani kama lilikuwa bahati mbaya. Duara likijaa, maji hupenya kwenye udongo wa kuta, na wakati huohuo maji yaliyomo shimoni yanazisukuma kuta kwa nje na kuzishikilia. Mkiyavuta kwa kasi, mnaondoa ule mkono unaozishikilia kabla maji yaliyojificha ndani ya udongo hayajapata muda wa kutoka. Ukuta unabaki mzito, umelainika, na unasukumwa kutoka ndani kwenda penye uwazi, kama mlevi aliyeegemea mlango ukafunguliwa ghafla. Pampu kubwa zaidi ingeongeza hatari hiyo. Duara lililofurika livutwe kwa hatua: mshushe kiasi, msimame, mwangalie kama kuta zinatoa maji au zinapasuka, ndipo mwendelee. Mtu asishuke mpaka matimba yamekaguliwa kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, na yaliyolegea yamebadilishwa.

Kwa sababu hiyohiyo, ile kauli ya "mvua imekatika, tuingie" ni ya hatari. Udongo unaendelea kubeba maji muda mrefu baada ya jua kutoka. Januari 2024, huko Ng'alita wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, watu 22 walifukiwa wakafa katika mgodi wa dhahabu. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha, na uchimbaji katika eneo lile ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua hizo. Siwezi kukupa idadi ya saa za kusubiri inayofaa kila mahali, kwa kuwa inategemea udongo wako, kina cha sehemu laini na hali ya matimba. Ninachoweza kukupa ni kigezo: kama kuta bado zinatiririsha maji au zinaangusha vipande vidogo, hakuna kushuka.

Duara la jirani. Hapa watu hujifariji kwamba maji yaliyotulia hayana madhara. Maji yenye kimo cha mita 20 yanasukuma kila meta moja ya mraba kwa uzito wa tani 20. Uso wa njia yenu ya mlalo, wa meta 1.2 kwa 1.5, ukikaribia njia ya zamani iliyojaa, ukuta mwembamba uliobaki kati yenu unabeba tani 36 usiku na mchana, na mnauongezea mitikisiko ya nyundo na baruti. Ukiachia, hakuna anayepata hata nafasi ya kupiga kelele. Februari 2019, huko Battlefields karibu na Kadoma nchini Zimbabwe, maji yaliingia katika mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo yaliyokuwa yameungana chini kwa chini. Zaidi ya watu 20 walikufa na 8 waliokolewa baada ya siku kadhaa.

Kuna kipimo rahisi unachoweza kuanza nacho wiki hii. Chukua kamba yenye alama za mita, ifungie jiwe, upime kimo cha maji katika duara la jirani kila siku saa ileile, uandike. Siku mnayovuta maji mengi kwenu, angalia kama kwake yanashuka. Yakishuka, mmeungana, kwa nyufa au kwa njia, na mpango wenu wote wa kuchimba kuelekea upande huo lazima usimame. Yasiposhuka, usichukulie kwamba uko salama, maana inaweza kuwa ukuta bado ni mzima lakini umebaki nusu mita. Tafuta wazee waliochimba pale. Mara nyingi mwenye duara wa zamani au fundi wa matimba anakumbuka njia zilielekea wapi na mkanda wa dhahabu ulifuatwa hadi wapi, na kumbukumbu hiyo ichorwe kwenye karatasi kabla hajaondoka. Waeleze pia wachimbaji wako dalili: mwamba unaoanza kutoa jasho mahali palipokuwa pakavu, matone yanayozidi siku hadi siku, maji yaliyokuwa safi kugeuka ya tope au ya kutu, harufu ya yai bovu, matimba yanayolia. Yeyote atakayeona moja ya hizo awe na ruhusa ya kuamuru wote watoke bila kumwuliza msimamizi. Kutoboa tundu dogo la kupimia mbele ya njia ni njia inayokubalika katika uhandisi, lakini tundu hilo lenyewe linaweza kupasuka, kwa hiyo lifanywe na mtaalamu aliye hapo hapo mwenye vifaa vya kuliziba.

Nimefika kwenye bwawa la marudio, na hapa sitazungumza kwa kuzunguka. Bwawa la tope lisiwe juu ya mahali watu wanapochimba. Tarehe 25 Septemba 1970, katika mgodi wa shaba wa Mufulira nchini Zambia, tope la bwawa la masalia lilitumbukia katika njia zilizokuwa chini yake na kuua wachimbaji 89. Mgodi ule ulikuwa mkubwa, wenye wahandisi. Wewe una duara la mita 28, bwawa liko hatua hamsini juu yake, na hukusema njia za duara hilo zinaelekea upande gani. Kama yoyote kati ya hizo inaelekea bwawani, simamisha kazi leo. Kama haielekei huko, bado tuta likikatika tope litashuka moja kwa moja hadi mdomoni.

Na tuta hilo linaweza kukatika kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu yake. Tuta la udongo au la marudio yenyewe halivumilii hata mkondo mwembamba juu ya mgongo wake. Mkondo unachimba mfereji, mfereji unapanuka, na kwa muda mfupi hakuna tuta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Merriespruit nchini Afrika Kusini, Februari 1994: maji yaliachwa yakalala kwenye kingo za bwawa la mgodi wa dhahabu, ikanyesha mvua ya milimita 50 hivi, bwawa likavunjika usiku na kuua watu 17 waliokuwa majumbani mwao. Tabia yenu ya kumwaga humo maji ya maduara ndiyo inayowapeleka huko, kwa kuwa mnalijaza bwawa siku za kiangazi kisha mvua inakuta nafasi imekwisha. Njia ya pili ni ya chini kwa chini: maji yanatafuta tundu la mchwa, mzizi uliooza au shimo la panya ndani ya tuta, yanaondoka na chembe za udongo kidogo kidogo hadi tundu linakuwa bomba. Zunguka chini ya tuta kila asubuhi. Unyevu wa maji safi unahitaji kufuatiliwa. Maji ya tope yanayotoka chini ya tuta maana yake udongo unaondoka, na hapo watu waondolewe kwanza, mengine baadaye. Nyufa zinazofuata urefu wa tuta, majani mabichi mahali pamoja wakati wa kiangazi na vichuguu vipya ni ishara za kupiga simu.

Ushauri wangu ni kulihamisha bwawa. Najua ni gharama, na najua marudio yana thamani kwa kuwa wapo wanaoyanunua wakayachenjue upya, yaani kutoa dhahabu iliyobaki; basi hilo likusaidie, uza au hamisha yaliyomo kabla ya mvua. Kama haiwezekani msimu huu, lipo jambo la katikati, na nakwambia wazi kwamba ni la kupunguza hatari tu: acha kabisa kumwaga maji ya maduara humo, yakinge maji ya kilima kwa ule mfereji, hakikisha maji yako mita moja chini ya mgongo wa tuta wakati wote, na uweke utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi, mwishoni mwa tuta, kwenye ardhi ya asili, ulioelekezwa mbali na duara la tatu. Utoro ukimwaga, maji yenye zebaki, kama mnaitumia kukamatia dhahabu, yanaweza kwenda mtoni, na hilo ni baya kwa wanaochota chini yako. Tuta likikatika yanakwenda hayohayo pamoja na tope lote. Ndiyo sababu utoro ni wa dharura na mfereji wa kukinga ndio wa kila siku. Ikiwa mnachenjua kwa sayanidi, achana na hili la katikati, itisha mtaalamu.

Maji ya maduara yawe na bwawa lake dogo la kutuliza tope, upande wa chini wa maduara. Yapime kwa karatasi za kupimia asidi, na kama mawe yanayopitiwa na maji hayo yanageuka rangi ya kutu, usiyaachie mtoni.

Baada ya hayo yote ndipo tuzungumze pampu, na utaona inakuwa ndogo. Maji ya kilima yakishakingwa, kinachobaki ni yale yanayochuruzika kutoka kwenye mwamba. Yapime hivi: rekebisha uvutaji mpaka maji ya chini yasipande wala kushuka, kisha ukinge yanayotoka juu kwenye pipa la lita 200. Pipa likijaa kwa dakika nne, unapokea meta 3 za ujazo kwa saa. Tafuta pampu ya umeme ya kuzamisha inayotoa mara mbili au tatu ya hapo, yaani meta 6 hadi 9 kwa saa, katika kimo cha mita 45, kwa kuwa bomba nalo linakula nguvu. Maji ya duara yana mchanga, kwa hiyo iwe ya kuhimili mchanga. Fundi umeme mwenye leseni aweke swichi ya kukata umeme unaovuja, maana waya uliochubuka ndani ya maji unaua kama gesi. Pampu zako za petroli zitakufaa juu, kwenye mabwawa.

Kwa siku za mvua, weka kopo lenye kuta zilizonyooka juu ya kilima, upime kwa rula kila asubuhi, na ufuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Muhimu zaidi ni mtu mmoja wa juu ambaye kazi yake ni kuangalia kilima, si kuvuta winchi, mwenye filimbi na idhini ya kuipuliza. Mara nyingi mvua inanyesha mgongoni mwa kilima huku mdomoni mwa duara kuna jua. Pima kwa saa muda wa watu wote kutoka, bila kuwaonya, na kama unazidi nusu saa punguza idadi ya wanaoshuka msimu wa mvua.

Yapo mambo ambayo kwa barua siwezi kuyaamua, na mtu lazima afike: uimara wa tuta la bwawa, umbali wa njia zako na zile za jirani, na kama duara la kwanza bado linafaa baada ya kufurika. Anza na ofisi ya Afisa Madini Mkazi, Geita. Kabla ya kumwaga maji popote nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutiririsha. Na bwawa jipya lisikaribie chanzo cha maji chini ya mita 60, kama inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Wengine huogopa kwamba wakiita ofisi watafungiwa. Inawezekana mkaguzi akafunga duara moja. Nenda na mchoro wa eneo, hekta za kilima, vipimo vya kamba vya duara la jirani, na mwelekeo wa njia za duara la tatu; mwenye vipimo hivyo mkononi husikilizwa kwa namna nyingine. Mfereji unaweza kuanza kuuchimba kabla mkaguzi hajafika. Duara la tatu lisiingie mtu hadi alikague.